Uniti Moja kwa Sekunde Ngapi?

Kila anayenunua umeme wa LUKU anaijua uniti. Unabonyeza tarakimu zako 20, mita inakubali, namba inapanda. Uniti hiyo ndiyo kilowati-saa moja: pasi ya wati 1,000 ikiwaka saa nzima bila kujikata, imeila. Kilowati-saa ni ujazo, kama maji yaliyomo ndani ya pipa. Kilowati ni kasi ya maji yanayotoka bombani. Matangazo ya magari ya umeme huvichanganya viwili hivi kila kukicha, na anayeumia ni mnunuzi. Kwa hiyo rekodi za kuchaji nimezipanga kwa swali moja tu: uniti moja inaingia garini kwa muda gani?

Anza na ya polepole kuliko zote. Nissan Leaf ya kwanza, iliyotoka Desemba 2010, ilikuwa na betri ya kilowati-saa 24. Ichomeke kwenye soketi ya ukutani, volti 240 kwa ampea 10. Zidisha: wati 2,400, yaani kilowati 2.4. Uniti moja inaingia kwa dakika 25, na betri nzima inataka saa 10. Naiheshimu rekodi hii, maana gari hulala usiku kama mwenyewe, na asubuhi linaondoka limeshiba.

Mwaka huohuo wa 2010 Wajapani walianzisha rasmi mfumo wa kuchaji wa CHAdeMO, na mashine zake za kilowati 50 zikawa ndizo ajabu ya zama hizo. Uniti moja kwa sekunde 72. Jina lenyewe masikioni mwa Mjapani linafanana na kukaribishwa chai, na muda wa kunywa chai ulikuwepo kweli, kwani Leaf ilichukua kama nusu saa kufika asilimia 80.

Kwa nini 80, si 100? Fikiria daladala kituo cha kwanza. Abiria wa mwanzo wanaingia mbio na kukaa wanapotaka. Wa mwisho wanabanana mlangoni, kondakta anasukuma, gari haliondoki. Ioni za lithiamu ndani ya betri ni hivyohivyo: nafasi zikipungua lazima ziingie taratibu. Zikilazimishwa, lithiamu huganda kama metali juu ya elektrodi na kuiharibu betri. Ndiyo maana ukisikia gari linachaji kilowati kadhaa, uliza: kwa dakika ngapi? Namba inayotangazwa ni kilele, na kilele huweza kudumu muda mfupi tu.

Mwaka 2019 Tesla ilifikisha kilowati 250, uniti kwa sekunde 14. Mwaka huohuo Porsche Taycan ikaja na 270, sekunde 13 na ushei. Tofauti ni ndogo, ila njia aliyopita Porsche ndiyo iliyofungua mlango. Nguvu ni volti mara ampea. Ukiongeza ampea mara mbili, joto ndani ya waya linaongezeka mara nne. Porsche ikapandisha volti hadi 800, ikapata nguvu nyingi bila kuunguza waya. Kwangu huu ndio uamuzi mkubwa kuliko yote katika orodha hii.

Mwaka 2021 kampuni ya ABB ilitoa mashine ya kilowati 360: uniti kwa sekunde 10. Lakini mashine hiyo inaweza kugawia magari manne kwa pamoja, na gari lililoundwa kupokea kilowati 50 litapokea 50 tu hata hapo. Aamuaye ni yule mwenye uwezo mdogo kati ya gari na mashine.

Machi 2025 BYD ya China ikaonyesha volti 1,000 kwa ampea 1,000, hesabu ambayo hata mtoto wa shule anaizidisha: kilowati 1,000, yaani megawati moja. Uniti kwa sekunde 3.6. Ahadi yao ilikuwa kilomita 400 kwa dakika tano. Kituo cha namna hii huwekewa betri zake pembeni, zikijazwa polepole kutoka gridi kisha zikimwaga kwa kishindo, kama tangi la juu ya paa pale ambapo bomba la mtaa ni jembamba.

Hata hivyo, rekodi ninayoipenda ilivunjwa Agosti 2025 Nardò, Italia. Magari mawili ya majaribio ya Mercedes-AMG, Concept GT XX, yalizunguka uwanja wa duara kwa kasi ya kilomita 300 kwa saa, yakisimama kuchaji na kurudi tena mbioni, mchana na usiku, hadi yakatimiza kilomita 40,075, sawa na mzingo wa dunia. Siku 7, saa 13, dakika 24. Kila yaliposimama yalichaji kwa wastani wa kilowati 850 hivi. Wastani, si kilele! Betri iliyotoka kukimbizwa vile, ikiwa bado ya moto, ikapokea uniti moja kila sekunde nne na kitu, ikaondoka, ikarudi, ikapokea tena. Hapo mhandisi hana pa kujificha.

Malori nayo yana mfumo wao, uliozinduliwa Oslo Juni 2022, wenye ukomo wa volti 1,250 na ampea 3,000. Zidisha mwenyewe: kilowati 3,750. Kebo yake hupitishiwa kimiminika cha kupoza ili isiungue, na ikifunguliwa hadi mwisho, ile uniti ya pasi ya saa nzima inaingia kabla sekunde moja haijaisha.