Kwa nini ratiba ya vipindi kwenye TV hukosea saa

Mwenye kibanda umiza amewasha jenereta, ameweka petroli ya usiku mzima, na watu wametoka vijiji vya jirani kwa bodaboda. Ratiba kwenye kioo cha TV inasema mechi itaanza saa sita na nusu usiku. Saa tano na robo anafungua chaneli ile ajaribu picha, na anakuta zimebaki dakika chache refa apulize kipyenga cha mwisho. Waliokwisha kulipa kiingilio wanataka hela zao.

Kwa kisa kama hicho lawama humwangukia mwenye kibanda, au kituo cha televisheni. Mara nyingi kosa liko kwingine kabisa, kwenye mstari mmoja wa maandishi ambao hakuna aliyeuona.

Ratiba unayoiona ukibonyeza rimoti huja kwa njia mbili. Ya kwanza ni ndani ya mawimbi yenyewe: king'amuzi cha antena au cha dishi hupokea picha, sauti, na pamoja navyo jedwali dogo la vipindi. Njia hii haili bando. Ya pili ni intaneti, ambayo hutumiwa na visanduku vya Android, kompyuta na simu zenye programu kama Kodi. Hapo ratiba huja kama faili, na muundo wa faili unaotumika sana unaitwa XMLTV. Ulianzishwa na mtaalamu wa kompyuta Ed Avis mwanzoni mwa miaka ya 2000, na yeyote anaruhusiwa kuutumia bila malipo.

Faili la XMLTV ni maandishi matupu. Lina mambo mawili makubwa: orodha ya chaneli, kila moja na kitambulisho chake, na orodha ya vipindi. Kila kipindi kinatajwa chaneli yake, saa ya kuanza, jina, na mara nyingi saa ya kuisha, maelezo mafupi, aina yake na waigizaji. Namba za tamthilia huweza kuanza kuhesabiwa kwenye sifuri, kwa hiyo msimu wa kwanza sehemu ya tano huandikwa 0.4. Wataalamu wa kompyuta ndivyo walivyo, tuwazoee.

Tatizo letu liko kwenye saa. Mechi ya Jumamosi tarehe 14 Juni 2025, saa tatu na nusu usiku, huandikwa hivi:

20250614213000 +0300

Soma kutoka kushoto: mwaka 2025, mwezi wa 06, tarehe 14, saa 21, dakika 30, sekunde 00. Kisha ile +0300 inasema saa hii ni ya mahali palipotangulia saa ya kimataifa, UTC, kwa saa tatu. Hapo ndipo tulipo Tanzania, Kenya na Uganda.

Sasa, mwandaaji wa faili akisahau ile +0300, programu huchukulia kwamba 21:30 ni saa ya UTC. Kifaa chako kinajua kiko Afrika Mashariki, kwa hiyo kwa nia njema kinaongeza saa tatu. Mechi inahamia 00:30, yaani saa sita na nusu usiku. Yule mwenye kibanda hakukosea kusoma.

Sisi tunaohesabu saa kwa Kiswahili tuna mtego wetu wa ziada. Mtu akinakili "saa 3:30" kutoka tangazo la Kiswahili na kuiandika 0330, kipindi cha usiku kinaonekana alfajiri. Ukiona tofauti ya saa sita, shuku jambo hilo. Ukiona ya saa tatu, shuku UTC.

Nani huandaa mafaili haya? Wakati mwingine ni vituo vyenyewe, lakini mengi hutengenezwa na programu ndogo zinazopita kwenye kurasa za vituo na kukusanya ratiba. Kituo kisichoweka ratiba yake hadharani huonekana kitupu, hata kama kina vipindi vizuri. Tena si kila kituo hupenda kukusanyiwa, na ugomvi huu ni wa zamani. Mwaka 1923 magazeti ya Uingereza yalipotaka kulipwa ndipo yachapishe ratiba ya redio, BBC ilianzisha gazeti lake, Radio Times. Baadaye vituo vikawa ndivyo vinavyozuia. Huko Ireland jarida la Magill lilizuiwa kuchapisha ratiba ya wiki ya vituo vyote pamoja, hadi mahakama ya Ulaya ikaamua mwaka 1995 kwamba vituo vilikuwa vinatumia vibaya nguvu zao sokoni. Mwaka 2009 Mahakama Kuu ya Australia nayo iliamua kuwa kampuni ya IceTV haikuvunja hakimiliki ya Nine Network kwa kutumia saa na majina ya vipindi vyake. Sisi tuko upande wa waliotaka ratiba iwafikie watu. Siri ya saa ya kipindi inamfaidi nani?

Ratiba yako ikikosea, anza na king'amuzi: ingia kwenye menyu, palipoandikwa Time Zone, weka +3. Kama umekivusha kwenda Burundi, Rwanda au Kongo mashariki, weka +2, la sivyo kila kipindi kitaonekana kimechelewa kwa saa moja. Kwenye Kodi kuna sehemu ya kusogeza ratiba mbele au nyuma kwa saa, inayosaidia faili likiwa na kosa. Na kwa kuwa faili la wiki nzima lenye mamia ya chaneli hupakuliwa upya kila mara, punguza orodha ibaki na chaneli unazotazama, kabla bando halijaisha.

Kwa mechi unayoilipia mafuta ya jenereta, linganisha saa na tangazo la kituo chenyewe siku hiyo hiyo mchana.