Nakshi za mwilini: hina, piko na sindano

Neno "nembo", ambalo siku hizi hutumika kwa alama ya chama, ya kampuni au ya taifa, lilikuwa na maana nyingine katika Kiswahili cha zamani: lilikuwa jina la chale zilizotiwa katika ngozi ya mtu ili kabila lake lijulikane. Wamakonde wa Msumbiji wanalo neno la jamaa yake, "dinembo", ambalo ni nakshi ya usoni na mwilini iliyochanjwa kwa kisu kidogo na kusuguliwa mkaa uliosagwa. Msichana wa zama hizo hakuulizwa apenda umbo gani. Fundi alilijua, ukoo ulilijua, naye kazi yake ilikuwa kuvumilia. Desturi hiyo ilififia katika nusu ya pili ya karne ya 20, na leo wengi wenye alama hizo ni vikongwe.

Mwanamke wa leo yu katika hali iliyo kinyume kabisa. Katika simu yake anazo picha nyingi kuliko awezavyo kuzitazama, za maua, majani, tausi na maandishi, na mara nyingi hana wa kumshauri ila yule yule anayetaka kumwuzia. Basi jambo la kwanza la kujiuliza si "nakshi ipi nzuri?" bali "nakshi hii itakaa muda gani, na imetengenezwa kwa nini?" Hina hukaa juma moja hadi matatu, kisha huondoka yenyewe. Tatuu ya sindano hukaa hadi kaburini. Katikati ya hizo mbili ipo piko, ambayo hudhaniwa kuwa dada wa hina na kumbe si ndugu yake hata kidogo, na ndiyo iletayo matatizo mengi.

Hina hutoka katika majani ya mhina, mti mdogo upandwao katika nyua nyingi za pwani ya Afrika Mashariki, Uarabuni, Sudan na Bara Hindi. Majani hukaushwa kivulini, hutwangwa na kuchekechwa mpaka unga uwe laini kama poda. Ndani yake imo rangi iitwayo losoni, ambayo hushikana na ngumu ya juu ya ngozi, yaani ile sehemu iliyokwisha kufa na ambayo hubanduka kidogo kidogo kila siku. Kwa hiyo hina haipenyi ndani, na ngozi inapojibadilisha rangi huondoka nayo. Kwa sababu hiyo hiyo viganja na nyayo, zenye ngozi nene, hushika rangi nzito, na mgongo wa mkono hushika hafifu.

Mpakaji ajuaye kazi yake huchanganya unga huo na maji ya ndimu, hutia sukari kidogo ili ushikamane, na wengine huongeza matone ya mafuta ya mikaratusi. Mchanganyiko huachwa saa kadhaa ndipo rangi ifunguke. Baada ya kupakwa, hina yapasa kukaa mwilini saa nne hadi nane. Alalaye nayo usiku kucha, mkono umefungwa kitambaa, hupata rangi iliyo bora. Ikikwanguliwa, huonekana ya machungwa, na akina mama wengine hufa moyo hapo na kudhani wamedhulumiwa. Wasiwe na haraka. Rangi huendelea kukolea kwa muda wa siku mbili mpaka iwe nyekundu ya damu ya mzee au kahawia. Ndiyo maana bi harusi hupakwa siku moja au mbili kabla ya arusi, wala si asubuhi ya siku yenyewe. Katika saa za mwanzo asioshe mkono kwa maji. Aukwangue kwa kijiti na kuupaka mafuta ya nazi.

Ama kuhusu maumbo, kila nchi ina mkono wake. Nakshi ya Kihindi ni ya mistari myembamba sana iliyosongamana, tausi na lile umbo la tone lililopinda ambalo wavaaji wa kanga hulijua kwa jina la korosho. Hujaza mkono mpaka kiwikoni bila kuacha nafasi. Ya Ghuba ya Uarabuni ni maua makubwa yenye kupumua, mashina marefu yanayopanda kutoka kwenye kidole hadi kifundoni, na ngozi tupu huachwa kati yake ili iwe sehemu ya urembo. Ya Moroko ni ya pembe, mistari na vigae. Ya Sudan ni nzito na nyeusi, yenye kujazwa ndani. Waswahili wa Lamu, Mombasa na Unguja wamechukua huku na huku, wakatengeneza maua na matawi yanayotambaa mikononi na miguuni, mara nyingi hina nyekundu ikizungushiwa ukingo mweusi. Mwezi Desemba 2024 shirika la UNESCO liliiandika hina katika orodha ya urithi wa utamaduni wa binadamu kwa maombi ya pamoja ya nchi 16 za Kiarabu, zikiwemo Oman, Yemen na Sudan.

Katika kuchagua, mama asitazame picha tu, autazame na mkono wake. Picha nyingi zinazosambazwa zimepigwa katika mikono myeupe. Mstari mwembamba kama uzi, ambao hupendeza sana katika ngozi hiyo, hupotea kabisa katika ngozi nyeusi, hasa juu ya mgongo wa mkono. Mwenye ngozi nyeusi hupendezwa zaidi na umbo pana lililojazwa: petali nene, ncha za vidole zilizochovywa zote, duara katikati ya kiganja. Wazee wa zamani, ambao hawakuwa na koni za plastiki bali njiti ya ukuti, walifanya hivyo hivyo, na hawakukosea. Vidole vifupi havitaki mikanda ya kukata. Vyataka shina moja linalopanda kwa urefu. Mguu ulionenepa kifundoni usizungushiwe bangili ya hina, bali tawi lipandishwe upande mmoja. Na mama afanyaye kazi ya kuosha vyombo au kulima asilipie nakshi ya mgongo wa mkono kwa bei kubwa, kwa kuwa sabuni na jembe vitaimaliza kabla ya juma kwisha. Nyayo zitamfaa zaidi.

Tatizo huanzia hapo. Kwa kuwa hina ni hafifu juu ya ngozi nyeusi, wengi hutamani nyeusi tii, tena ya haraka. Hina haijawahi kuwa nyeusi. Kinachouzwa kwa jina la piko, au "hina nyeusi", siku hizi mara nyingi ni unga wa rangi ya nywele uliochanganywa na maji, na ndani yake imo kemikali iitwayo parafenilinidiamini, kwa kifupi PPD. Kemikali hii ilianza kutumika katika rangi za nywele mwishoni mwa karne ya 19. Katika nchi za Umoja wa Ulaya rangi ya nywele hairuhusiwi kuwa nayo zaidi ya asilimia 2 wakati wa kupakwa, na kuipaka kwenye ngozi kumekatazwa kabisa. Mchoraji wa kibarazani hapimi asilimia. Huchanganya kwa kijiko na kwa macho, na nakshi huachwa juu ya ngozi mpaka ikauke.

Wako wanawake waliopaka piko miaka kumi bila kudhurika, nao ndio huwa mashahidi wa kuisifu. Lakini PPD hufanya kazi kwa namna ya wizi. Mara ya kwanza mwili huweza kukaa kimya huku ukijifunza kuikataa. Mara ya pili, au ya tano, baada ya siku moja hadi tatu, mahali pale pale palipochorwa huanza kuwasha, huvimba, kisha hutoka malengelenge yanayofuata umbo la ua lile lile alilolichagua bi harusi. Yakipona, huweza kuacha alama nyeupe au kovu lililotuna. Tena ugomvi huo ukishaingia mwilini hautoki. Mwanamke huyo akija kupaka nywele rangi nyeusi miaka ishirini baadaye, huweza kuvimba uso na macho kwa kiasi cha kupelekwa hospitali. Huweza pia kudhuriwa na baadhi ya dawa za ganzi za kupaka na baadhi ya rangi za nguo. Mwaka 2006 chama cha Marekani cha madaktari washughulikiao magonjwa ya ngozi ya namna hiyo kiliitangaza PPD kuwa kisababishi cha mwaka.

Wengine hushauri kwamba mtu ajaribu kwanza tone dogo nyuma ya sikio. Kwa piko ushauri huu haumlindi mtu: jaribio lenyewe laweza kuuamsha mwili, na ukimya wa leo si dhamana ya kesho.

Yafaa basi mteja aulize kabla ya kukaa mkekani. Hina ya kweli hunuka majani, na uji wake ni wa kijani au wa kahawia. Huhitaji saa nyingi, na huanza na rangi ya machungwa. Mchoraji asemaye kwamba nakshi yake itakuwa nyeusi baada ya nusu saa amekwisha kujieleza. Kadhalika zile koni zilizokaa dukani miezi mingi bila ubaridi zishukiwe, kwa sababu uji wa hina halisi hupoteza nguvu baada ya siku chache nje ya friji. Kama koni bado inatia rangi, basi imo ndani yake kitu kingine. Ndimu, unga uliochekechwa vizuri na usiku mmoja wa subira vitampa mama rangi nzito ya kutosha, na akitaka zaidi, arudie juu ya mistari ile ile siku ya pili.

Kwa watoto wachanga hata hina halisi isipakwe. Watu wengi wa nchi zenye malaria wamezaliwa na upungufu wa kimeng'enya kiitwacho G6PD, ambacho huzilinda chembe nyekundu za damu. Mtoto mwenye upungufu huo akipakwa hina mwili mzima, kama ifanywavyo katika sherehe za baadhi ya jamii, chembe zake huweza kuvunjika kwa wingi. Dalili zake ni macho kuwa ya manjano, mkojo mweusi kama chai ya rangi, na kulegea. Madaktari wameandika habari za watoto waliofikishwa katika hali ya hatari kwa sababu hiyo, na wamo waliokufa. Mama asisubiri kesho. Aende hospitali saa hiyo hiyo na aseme wazi kwamba mtoto alipakwa hina.

Tatuu ya sindano ni habari nyingine, na wanawake wa mijini wanaoitaka wanazidi. Wenye dini waliulize jambo hilo kwa viongozi wao, maana wanazuoni wengi wa Kiislamu huikataza ilhali hina huiruhusu. Kwa upande wa afya, sindano hupeleka wino chini ya ngozi ya juu, penye damu. Hivyo yaweza kupitisha homa ya ini ya aina ya B na C, na hata virusi vya ukimwi, ikiwa ilitumiwa kwa mtu mwingine. Sindano ifunguliwe mbele ya mteja, wino umiminwe katika kikombe kipya na kilichobaki kimwagwe. Mwenye kovu lililowahi kuvimba na kutuna, hata la kutoboa sikio tu, aiache kabisa, kwa kuwa makovu hayo huwapata zaidi watu weusi, hasa kifuani na mabegani, ambako ndiko wengi hupenda kuchorwa. Kwa ngozi nyeusi wino mweusi na mistari iliyoachana ndiyo hudumu. Nyeupe na manjano hazionekani, na wino mwekundu ndio unaosumbua ngozi kuliko rangi nyingine. Herufi ndogo ndogo baada ya miaka huungana na kuwa doa. Anayetaka jina la mchumba akumbuke kwamba kufuta kwa mwanga wa leza huhitaji kurudi mara nyingi, fedha nyingi, na katika ngozi nyeusi huweza kuacha baka jeupe lenye umbo la jina lile lile.

Ikiwa piko imekwisha kupakwa na ngozi imeanza kuwasha, ioshwe mara moja kwa sabuni na maji mengi, ijapokuwa rangi haitatoka yote. Malengelenge yasitumbuliwe, wala yasipakwe dawa ya meno, majivu au mafuta ya taa. Mgonjwa aende zahanati, ambako ataweza kupewa dawa ya kupaka ya kutuliza uvimbe. Na ikiwa uso unavimba au pumzi inakuwa nzito, asafirishwe hospitali bila kukawia. Akirudi nyumbani, aandike neno PPD katika daftari lake la matibabu, ili kila daktari, na kila msusi atakayetaka kumtia rangi nywele, alione.