Mteja wa Subaru ya tabo akisema "niwekee nzito", mpe ipi?

Wafanyabiashara wenzangu wa spea na oili, hasa sisi wa barabarani, Bungu, Kibiti, Mchukwi mpaka Ikwiriri, leo tuongee kuhusu zile namba kwenye dumu. 5W-30, 10W-40, 20W-50. Wengi wetu tunauza kwa kukariri: gari ndogo mpe hii, injini imechoka mpe nzito, basi. Kwa IST inayoenda sokoni na kurudi unaweza ukapona. Akija mtu na gari ya mbio, kukariri hakutoshi. Injini ile ikinoki, gharama ya kuifufua inaweza kuzidi mtaji wote wa duka lako, na jina litakalotajwa gereji ni la kwako.

Gari ya mbio huku kwetu si Ferrari. Nazungumzia Forester na Impreza zenye tabo, Altezza, Mark II zile za 1JZ yenye tabo. Zinapita hapa, vijana wametoka Dar wanakwenda Lindi na Mtwara, safari ya kilomita zaidi ya 400, na wewe unajua wanavyokanyaga wakishaiacha foleni ya Mbagala.

Tuanze na namba zenyewe. Zimepangwa na SAE, chama cha mainjinia wa magari cha Marekani, mpangilio ulianza mwaka 1911. Namba ya kwanza, ile yenye W, ni ya baridi. W ni winta. Oili ya 5W inapimwa kwenye nyuzi 30 chini ya sifuri, 10W kwenye 25 chini ya sifuri, 15W kwenye 20 chini ya sifuri. Mchukwi hata mwezi wa saba ukijifunika blanketi hatusogei karibu na huko. Kwa hiyo mteja akibishana 5W na 10W, kwetu si ugomvi mkubwa. Faida ya namba ndogo ni kwamba asubuhi gari ikiwashwa oili inawahi kupanda juu.

Namba ya pili ndiyo ya kuangalia huku. Hiyo inapimwa oili ikiwa ya moto, nyuzi 100. Fikiria uji. Uji wa ulezi ukiwa wa moto unamwagika, ukipoa unakaza. Oili nayo ni hivyo hivyo, swali ni je, ikichemka inabaki na uzito gani? Kwa kipimo cha sentistoki, oili ya 20 inabaki kati ya 6.9 na 9.3, ya 30 ni 9.3 mpaka 12.5, ya 40 ni 12.5 mpaka 16.3, na ya 50 ni 16.3 mpaka 21.9. Ona pengo hilo: 50 inaweza kuwa mara mbili ya 30 kwa uzito. Halafu mtu anakwambia "weka yoyote, oili ni oili"!

Sasa kwa nini tusiwape wote 50, si nchi ya joto hii? Kwa sababu oili haikai tu kwenye injini, inatembea. Inapita kwenye vitundu vidogo, inakwenda kwenye beringi, inakwenda kwenye tabo, na kwenye hizi injini za VVT-i za Toyota na AVCS za Subaru inatumika kusukuma mitambo inayobadilisha muda wa valvu. Ikiwa nzito kuliko alivyopanga mtengenezaji, inachelewa kufika, hasa asubuhi, na injini inapoteza nguvu kuisukuma. Mteja anakuja kulalamika gari imekuwa nzito. Tena ukweli ni kwamba nje kuwe na joto la Kibiti au la Iringa, injini ikishapata moto thamostati inaishikilia karibu na joto lile lile. Kinachoichemsha oili zaidi ni mguu wa dereva na tabo.

Tabo inazungushwa na moshi wa moto wa ekzosi, na mhimili wake unaelea juu ya oili hiyo hiyo uliyouza. Oili ikiwa nyepesi mno pale, utando wake unakatika, chuma kinagusa chuma. Ndiyo maana kuna kipimo kingine cha nyuzi 150, oili ikiwa inasagwa: 5W-30 inatakiwa ishike angalau 2.9, 5W-40 angalau 3.5. Kwa anayekanyaga kutwa nzima, tofauti hiyo ina maana.

Cha kwanza kabisa ni kitabu cha gari. Najua, gari zetu nyingi zimetoka Japani na kitabu ni cha Kijapani, kama kipo. Lakini 5W-30 huandikwa 5W-30 hata huko, fungua kurasa za nyuma utaziona namba. Wakati mwingine ipo kwenye kifuniko cha oili. Subaru za tabo za injini ya EJ nyingi zinataka 5W-30, na vitabu vingi vya miaka ile vinaruhusu kupanda mpaka 20W-50 kwa joto kali na kuvuta mzigo.

Mimi ninavyouza: anayezunguka mjini kwa utaratibu, 5W-30 ya sintetiki. Anayekwenda Lindi kwa mwendo ule, au injini imeshaanza kula oili kidogo, 5W-40 au 10W-40. 20W-50 namwachia mwenye injini iliyochoka kweli, na namwambia wazi kwamba hiyo si dawa, ringi zikiisha zimeisha. 0W-20 kwenye EJ ya tabo siuzi hata akinibembeleza.

Angalia na herufi za API. Kuna madumu ya bei rahisi yameandikwa SF au SG, hizo ni daraja za injini za miaka ya 80 na mwanzoni mwa 90. Unataka SN, au SP iliyoanza 2020. Dumu la SF na la SP yote yanaweza kuandikwa 20W-50, na mteja asiyejua atachagua la bei ndogo. Wewe ndiye unayejua.

Jambo ambalo nadhani linaua Subaru nyingi kuliko namba ni oili kupungua. Mtu anasimama, anasema taa imewaka nikaizima kwa kuwasha upya. Usimuuzie kitu kwanza. Mwambie apaki sehemu tambarare, azime, asubiri dakika chache, avute stiki. Kati ya alama ya chini na ya juu ni kama lita moja. Ikiwa chini, jaza, hata kama namba uliyonayo si ile ile iliyomo. Kuchanganya 5W-30 na 10W-40 ili afike salama kuna nafuu kubwa kuliko kuendelea bila oili ya kutosha. Akifika amwage yote na abadilishe filta. Na ikiwa stiki iko sawa lakini taa bado inawaka, hapo si biashara yako tena, aite fundi, asiwashe.

Kwa stoku, mtaji ukiwa mdogo usijaze kila namba. Mimi naweka zaidi 5W-30 na 10W-40, chache za 5W-40 za lita 4 pamoja na za lita moja za kujazia, maana wapita njia wengi wanataka lita moja tu.

Na zile za gari zikibaki usimsukumie bodaboda. Pikipiki klachi yake inaogelea ndani ya oili ile ile ya injini, ukimpa oili nyepesi ya gari yenye vilainishi klachi inaanza kuteleza, anavuta mafuta pikipiki haiendi. Yake iandikwe JASO MA au MA2. Wenzetu wa Nyamisati wanaouzia boti, injini zenu za 2T ni habari nyingine kabisa, tutaiongea siku yake.