Linux Ikihama, Kinachosahaulika ni Anwani

Fundi akikuambia kwamba diski ikibadilishwa huna budi kuanza upya, usakinishe kila programu na kupanga tena kila kitu, mkatalie kwa heshima iwapo kompyuta yako inatumia Linux. Mfumo huu ni mafaili yaliyopangwa kwenye mti mmoja. Ukiyanakili yote, pamoja na wamiliki na ruhusa zake, yataishi kwenye diski mpya kama yalivyoishi kwenye ya zamani. Kinachokwamisha watu ni anwani.

Kila patisheni ikifomatiwa hupewa namba ya utambulisho, UUID. Namba hizo zimeandikwa kwenye faili la /etc/fstab, na GRUB, programu inayouamsha mfumo, nayo huzitegemea. Diski mpya ina namba nyingine. Ndiyo maana mtu hunakili gigabaiti 80 bila kosa lolote, kisha akiwasha anakuta skrini nyeusi na kudhani nakala imeharibika. Nakala ni nzima; mfumo unabisha hodi kwenye nyumba iliyohamwa.

Wengi hukimbilia amri ya dd, inayonakili diski nzima, hata sehemu tupu, na UUID zake pia. Mimi siipendekezi. Haiwezi kuhamisha diski ya gigabaiti 500 kwenda SSD ya 240, na ukikosea ukabadilisha nafasi za if (chanzo) na of (lengo), unaifuta ile yenye kazi zako. Kabla ya lolote, weka nakala ya akiba mahali pengine, kisha endesha lsblk usome majina ya diski mara mbili.

Njia ninayoiamini ni rsync, amri inayonakili mafaili. Washa kompyuta kwa Linux iliyo kwenye flashi, ili mfumo wa zamani uwe umelala. Kunakili mfumo unaofanya kazi ni kumpima nguo mtoto anayekimbia. Gawa diski mpya, ifomati, pachika ya zamani kwenye /mnt/kale na mpya kwenye /mnt/mpya, kisha:

sudo rsync -aAXH /mnt/kale/ /mnt/mpya/

Usidharau herufi hizo. Ile a hulinda wamiliki, ruhusa na tarehe. A, X na H hubeba ruhusa za ziada, sifa za ziada na viungo vigumu. Mkwaju wa mwisho baada ya kale nao una kazi: ukiuacha, utapata folda iitwayo kale ndani ya diski mpya, na mfumo hautawaka.

Sasa anwani. Amri ya blkid itakupa UUID mpya. Ziandike kwenye fstab ya diski mpya, bila kusahau ya swap. Swap ya zamani ikibaki humo, kompyuta huweza kuisubiri sekunde 90 kila unapoiwasha. Kisha pachika /dev, /proc na /sys ndani ya mfumo mpya, uingie kwa chroot, na uendeshe grub-install na update-grub (au amri inayolingana nayo kwenye mfumo wako). Kwenye Ubuntu na Debian ongeza update-initramfs -u. Kompyuta za UEFI zinahitaji pia patisheni ndogo ya FAT32, iliyopachikwa kwenye /boot/efi kabla ya grub-install.

Chomoa diski ya zamani kabla ya kuwasha mara ya kwanza. Ikibaki ndani, mfumo huweza kuwaka kutoka huko nawe ukaamini umehama, hadi siku utakapoifuta.