Sikukuu ya Cuba kwa Kapu la Karatina

Juni 2018 madaktari 100 wa Cuba waliwasili Kenya na kugawanywa katika kaunti mbalimbali. Mishahara yao ilijadiliwa sana magazetini, chakula chao kwa nadra. Mwaka 2023 serikali ilitangaza kuwa haitauongeza mkataba huo, na wapishi wa Nyeri wakapitwa na nafasi ya kuuliza maswali. Hasara hiyo si ndogo, kwani meza ya sikukuu ya Cuba karibu yote inapatikana katika soko la Karatina, huko huko Nyeri.

Mlo mkubwa wa mwaka huliwa usiku wa Desemba 24, unaoitwa Nochebuena. Kitoweo ni nguruwe, mzima kwa wenye uwezo. Hulazwa ndani ya mojo: kitunguu saumu kilichotwangwa na chumvi, bizari nyembamba, oregano, na maji ya danzi, lile chungwa chungu ambalo watu wa Pwani wanalijua. Mlimani danzi ni adimu, ila maji ya chungwa yakichanganywa na ya ndimu hukaribia. Kisha nyama huchomwa kwa moto mdogo saa nyingi, na vijijini wengine huifunika kwa majani ya mpera. Mchoma mbuzi wa Nyeri, aliyezoea chumvi tupu, huenda akaona mbwembwe zimezidi.

Wali ndio unaotaka akili. Maharagwe meusi huchemshwa kwanza, na maji yake meusi hayamwagwi. Ndiyo yanayoupika wali, pamoja na kitunguu, pilipili hoho na saumu vilivyokaangwa kwa mafuta ya nguruwe. Mpishi wa Mathira atashawishika kutumia njahi kwa sababu ya rangi. Aiache. Njahi ina utamu wake na heshima yake kwa mama aliyejifungua. Upande wa mashariki, Santiago de Cuba, wali huo hupikwa kwa maharagwe mekundu, na hayo hayakosekani Karatina. Mchele wa Mwea utafaa, ingawa harufu ya pishori itajitokeza kuliko ambavyo Mcuba angetarajia.

Muhogo huchemshwa hadi upasuke, ukamwagiwa mojo ya moto.

Karamu hii iliwahi kukosa siku yake. Mwaka 1969 Fidel Castro aliifuta Krismasi katika orodha ya sikukuu ili watu wabaki mashambani wakikata miwa, kwa kuwa taifa lilikuwa limeapa kuzalisha tani milioni 10 za sukari mwaka 1970. Zilipatikana kama milioni 8.5. Krismasi ilirudishwa Desemba 1997, wiki chache kabla ya ziara ya Papa Yohane Paulo wa Pili. Kwa miaka hiyo yote familia nyingi zilimchoma nguruwe Desemba 31, mkesha wa kumbukumbu ya mapinduzi ya 1959, na hapo hakuna wa kulalamika. Kilichokuwa kigumu zaidi ni kumpata nguruwe mwenyewe: mchele, maharagwe na sukari vimegawiwa kwa kitabu cha mgao tangu 1962, lakini miaka hii bei ya nguruwe imewashinda wengi.

Mwishoni huja buñuelos. Muhogo na malanga, ndugu wa nduma, huchemshwa, hupondwa, huchanganywa na yai na unga kidogo, husokotwa umbo la nane na kukaangwa, kisha hunyweshwa shira yenye anisi. Nduma za Othaya zinatosha kabisa, mradi zipondwe zikiwa bado moto.