Laini Saba Baada ya Mafuriko

Masika ya mwaka 2024 yalipozidi, Mto Ngong upitao chini ya Kibera ulifurika, ukatuingilia majumbani usiku. Kulipokucha tulianika magodoro juu ya mabati. Nyumba ya fito na udongo, kama yangu, huloa chini kwanza. Ukuta waweza kusimama siku mbili, ukadhani umepona, kisha ukaanguka. Kufunguliwa kwa shule kuliahirishwa hadi tarehe 13 Mei, basi watoto walishinda wakizoa matope pamoja nasi. Serikali iliamuru wakaao kandokando ya mito wahame. Naiona amri ya haki, kwa kuwa mto ukijaa haumngoji mtu. Lakini mtu wa kibarua atahamia wapi apate chumba cha kodi ndogo, na kazini aende kwa miguu? Mwenye nyumba yangu (nisimtaje jina) alikuja kudai kodi ya Mei kabla ukuta haujasimama tena.