Stesheni Iliyo Chini ya Mto

Wenyeji wa Garsen waijua sana taabu ya kuvuka mto. Kabla ya daraja kujengwa, magari yaendayo Lamu yalivushwa Tana kwa pantoni iliyovutwa kwa kamba, kwa nguvu za mikono, na mto ulipofura hapakuwa na la kufanya ila kungoja. Hata daraja halikumaliza mambo. Novemba 2023 maji yalifunika barabara ya Garsen na Lamu pale Lango la Simba, na abiria wakavushwa kwa mashua. Lakini katika mji wa London iko stesheni ambako abiria hawavuki juu ya maji wala juu ya daraja, bali hupita chini ya mto wenyewe. Jina lake ni Wapping.

Wapping ni mtaa wa ukingo wa kaskazini wa mto Thames. Njia yake kuu ni nyembamba, na pande zake yamesimama maghala marefu ya matofali yaliyojengwa kwa ajili ya shehena za meli. Gudi kubwa la London lilifunguliwa hapo mwaka 1805, likafungwa mwaka 1969, na siku hizi mengi ya maghala hayo ni nyumba za kukaa watu. Zamani meli zilijaa mtoni hata daraja halikuwezekana, kwa kuwa lingezuia milingoti. Mwenye gari la farasi aliyetaka kufika ng'ambo ilimpasa kuzunguka mbali hadi daraja la London.

Marc Brunel, fundi aliyezaliwa Ufaransa, ndiye aliyesema kwamba iwapo juu hapapitiki, na pachimbwe chini. Yasemekana alijifunza kwa mdudu yule wa baharini atoboaye mbao za vyombo. Mafundi wa Lamu wamjua adui huyo, na ndiyo sababu chini ya jahazi hupakwa shahamu. Brunel aliona kwamba mdudu hutanguliza kichwa kigumu, na nyuma yake huacha tundu lililokandikwa vizuri lisiporomoke. Akatengeneza chombo cha chuma kifanyacho vivyo hivyo, akakiita ngao, jina ambalo watu wa Tana wamezoea kulisikia kwa kijiji. Ngao hiyo ilikuwa na vyumba 36, na katika kila chumba alisimama mchimbaji mmoja. Aliondoa ubao mmoja mbele yake, akachimba inchi chache, akaurudisha, kisha akaondoa wa pili. Waashi walifuata nyuma wakijenga matofali.

Kazi ilianza mwaka 1825 upande wa kusini, mahali paitwapo Rotherhithe. Mkulima aliyewahi kuchimba kisima katika mchanga wa mtoni ajua kwamba kuta huporomoka kabla maji hayajaonekana. Brunel aliligeuza jambo hilo juu chini. Hakuchimba shimo kwanza. Alijenga mnara wa mviringo wa matofali juu ya ardhi, upana wake futi 50 na kimo chake futi 42, juu ya pete ya chuma yenye makali. Kisha watu wakachimba udongo ndani yake, na mnara ukazama kidogo kidogo kwa uzito wake wenyewe. Mnara wa Wapping ulijengwa baadaye kwa namna hiyohiyo, nao ndio mlango wa stesheni hata leo.

Ubaya ulikuwa mtoni. Brunel alitumaini kukuta udongo mgumu wa mfinyanzi njia yote, lakini mahali pengine palikuwa na mchanga na changarawe tu kati ya wachimbaji na maji. Na maji yenyewe yalikuwa machafu, yenye taka za mji mzima. Watu waliugua, wengine wakapofuka kwa muda, na hewa mbaya iliwaka moto kwenye taa. Mei 1827 mto uliingia handakini. Tundu likazibwa kwa mifuko ya udongo iliyotupwa kutoka mashuani, na kazi ikaendelea. Tarehe 12 Januari 1828 mto uliingia tena kwa nguvu, wakafa watu 6. Isambard, mwana wa Brunel, aliyekuwa kijana wa miaka 21, alisukumwa na maji hadi juu ya mnara, akapona. Fedha zikaisha, kazi ikasimama miaka 7, mpaka Serikali ilipotoa mkopo.

Handaki lilifunguliwa tarehe 25 Machi 1843. Brunel alikuwa na miaka 73. Watu walimiminika kulitazama, kila mmoja akilipa peni moja. Lakini lilikuwa limejengwa kwa ajili ya magari ya mizigo, na njia za mteremko za kuyashushia magari hayo hazikujengwa kamwe, kwa kukosa fedha. Zilikuwapo ngazi tu. Barabara ya biashara ikawa njia ya watembea kwa miguu na wachuuzi wa vitu vidogo vidogo, hata kampuni ya reli ilipoinunua mwaka 1865. Magari ya moshi yalianza kupita tarehe 7 Desemba 1869.

Kwa hiyo mtu alaumuye kwamba majukwaa ya Wapping ni membamba na ngazi zake ni nyingi, haijui habari yake. Mahali pale hapakubuniwa kuwa stesheni. Abiria hushuka ndani ya mnara uliozamishwa, na mwisho wa jukwaa huona matao mawili ya handaki, kila moja likipitisha reli yake.

Huenda msomaji akauliza kama kazi kama hiyo ingefaa Garsen. Thames ina kingo zake na inakaa humo. Tana ni mto uhamao. Katika karne ya 19 ulichimbwa mfereji wa Belazoni kuuunganisha na mto Ozi, na mto ukaufuata mfereji, ukauacha mdomo wake wa kale, ukatokea baharini Kipini. Mchimbaji angeweza kumaliza handaki na kukuta mto umekwenda kwingine.

Wapping penyewe, wakati wa matengenezo ya miaka ya 1990, palitokea shauri kubwa, maana wakuu wa reli walitaka kuyafunika matofali ya Brunel kwa zege. Wapenzi wa majengo ya kale walipinga, na sehemu fupi ya upande wa Rotherhithe ikaachwa ilivyokuwa. Tangu Novemba 2024 njia hiyo ya reli huitwa Windrush, jina la meli iliyowaleta Uingereza watu wa visiwa vya Karibi mwaka 1948. Magari yake ni ya umeme, na kutoka Wapping hadi Rotherhithe, chini ya mto, ni mwendo wa dakika chache tu.